Nyumba Iliyoonekana Kutoka Barabarani

Hakuna kitu juu ya paa kinachoweza kunishangaza. Nimekuta nyuki huko, nimekuta popo, nimekuta nyoka amejinyoosha kwenye mbao kama mwenye nyumba. Nimekuta madumu ya gongo ambayo mzee mmoja alikuwa anamficha mkewe, na mkewe ndiye aliyeniita nikatafute panya. Shule niliishia darasa la tano. Lakini pita leo kutoka Bukoba mjini hadi Muleba, uliza nani hupaua nyumba isiyounguza watu mchana wa kiangazi. Watakutajia jina langu kabla hujamaliza swali. Kuna waliokuwa wananiita Bwana Baridi, na sikuwakataza.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoanza ufundi, maana naona mnanunua mashine kabla ya kujifunza kutazama. Najua mtu wa Dar akisikia tunalalamikia joto huku Kagera atacheka. Acheke. Aje mwezi wa nane alale mchana chini ya bati lisilo na dari, halafu atueleze.

Kazi nilianzia Rubya, kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu iliyokuwa inafumuliwa paa la zamani. Asubuhi hiyo tulifika vijana wawili kuomba kibarua, mimi na kijana mmoja mrefu, mkimya, anaitwa Projestus. Tuliyemkuta pale ni Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye penseli sikioni na sauti ya kufokea ng'ombe. Hakutuuliza vyeti. Alitupa kila mmoja ngazi, akasema, "Huyu upande wa kulia, huyu wa kushoto. Nataka bati la kwanza liwe chini kabla sijamaliza chai."

Nyumba ile, kama nyumba zote za kwetu za zamani, ilikuwa imesimama katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, na migomba imeisogelea hadi inagusa madirisha. Upande wangu ulikuwapo mmoja mnene, umekaa pale pale ninapotaka kuweka ngazi. Nikachukua panga. Pa, pa, ukalala. Nikapanda, bati langu likafika chini kabla ya la mwenzangu. Nikasimama juu nikiangalia huku na huku nani ameona.

Fundi Mkuu akatokea na kikombe mkononi.

"Nani kaukata huu?"

"Mimi, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima. "Ulikuwa unazuia ngazi."

"Na mwenzako hana ngazi? Mbona wake umesimama?"

Nikageuka. Projestus alikuwa ameuvuta mgomba wake pembeni taratibu na kuufunga kwenye kigingi kwa kamba ya gome la mgomba kavu. Kazi ikiisha anaufungua, unarudi mahali pake.

"Jua la saa nane linapiga dirisha hili," Fundi Mkuu akasema. "Mwalimu analala humu. Sasa wewe ndiye utakuwa unakuja kila siku saa nane, usimame hapa dirishani, umkinge? Utakuwa mgomba?"

Mafundi wakacheka hadi mmoja akaangusha nyundo. Wakaniita Mgomba mpaka kazi ile ikaisha. Projestus hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikucheka unamjibu. Asiyecheka utamjibu nini?

Tangu siku ile nilimwonea wivu. Nasema wazi kwa sababu kwenye ufundi wivu ni jambo la kawaida, anayekataa ni mwongo. Tulifundishwa na mtu mmoja vitu vilevile. Tulifundishwa kufunga kenchi, yaani zile mbao za pembetatu zinazobeba paa. Tulifundishwa kwamba bati likipigwa jua linapika hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo ikikosa njia inakaa darini na kushuka kidogokidogo kwenye vichwa vya watu. Kwa hiyo unaacha matundu chini ya ukingo wa paa, hewa iingie, na matundu mengine juu kwenye pembetatu ya ukuta, itoke. Yawekee nyavu, la sivyo utafuga popo. Mimi niliyashika haya haraka kuliko Projestus. Lakini Fundi Mkuu akipita kukagua, kwangu atasema "haya," na kwa Projestus atasimama, ataweka mkono kwenye mbao, atasema "hii sawa." Neno moja zaidi. Nililihesabu.

Kutoka Rubya tulipelekwa Kanazi, kwenye nyumba ya watawa. Bosi wetu pale alikuwa Sista Msimamizi wa Majengo, mama wa miwani aliyekuwa anapanda ngazi mwenyewe kukagua misumari. Projestus akapewa dari ya kanisa dogo. Mimi nikapewa jiko. Jiko! Nilinuna siku nzima. Halafu nikaona wapishi wanavyotoka nje wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria, nikapata akili ambayo hakuna aliyenifundisha. Nilipaka bati la jiko rangi nyeupe kwa juu, kwa sababu nguo nyeupe haiunguzi kama nyeusi. Baada ya wiki wapishi walikuwa wanakataa kutoka humo.

Sista akasimama katikati ya jiko, akainua uso.

"Kumbe na wewe unafikiri," akaniambia.

Nilifurahi hadi jioni, ndipo nikaanza kulichunguza lile "na wewe".

Baadaye Kontrakta mmoja wa Bukoba mjini akatuchukua. Huyu ndiye aliyenifanya mtu. Alikuwa na simu tatu, na zote zinalia. Siku moja nilimweleza habari za matundu na rangi nyeupe, akanikatiza. "Kijana, mteja halipii baridi asiyoiona. Mpe kioo, mpe jipsam, mpe AC yenye taa ya kijani. Ataipenda hata ikiwa imezimwa."

Nilimwelewa. Nikajifunza dari za jipsam zenye maua, madirisha ya aluminiamu, na kufunga viyoyozi. Projestus hakudumu mjini. Mkewe alifariki, akarudi kwao nje kidogo ya Muleba kumtunza mama yake mzee, Ma Leokadia, na kupalilia kibanja. Nilienda msibani, nikalia kwa kweli. Pia, niseme tu, nilipokuwa narudi nilijisikia mwepesi. Sasa kwenye njia yote ile fundi nilikuwa nimebaki mimi tu.

Nikajenga nyumba yangu. Baba aliniachia kibanja kando ya barabara kuu, na kwa bahati mbaya ng'ambo ya barabara ile ndiko kwa Projestus. Nikaweka msingi mrefu, bati jekundu la migongo mipana, vioo vya rangi ya chai. Ilipoisha nikatoka barabarani kuitazama, sikuona kitu. Migomba tu. Nimetumia jasho la maisha yangu yote, halafu mtu anapita na basi anaona migomba ya baba yangu! Nikaita vibarua wakafyeka mbele, wakafyeka ubavu wa magharibi, wakazunguka hadi nyuma, wakang'oa hadi visiki. Nikamwaga pevingi, yale matofali ya sementi ya kupanga chini, kutoka barazani hadi getini. Mke wangu Adventina alisimama mlangoni amefunga mikono.

"Baba Joanitha, hata ule wa dirisha la chumbani?"

"Hasa huo. Ndio unaoziba kioo."

Akaingia ndani. Madereva wakawa wanapunguza mwendo wakifika kwangu. Nilikuwa nakaa barazani kuwatazama wakinitazama.

Kiangazi kikaja. Jua linapiga pevingi, pevingi zinatema moto, moto unaingia madirishani. Paa langu halikuwa na kosa, matundu yote yapo. Joto lilikuwa halishuki, lilikuwa linaingia kwa mlango kama mgeni. Nikaweka feni, ikawa inatupepea upepo wa tanuri. Siku moja narudi saa nane, nyumba tupu. Adventina hayupo. Jirani akaniambia bila kuulizwa sana: "Yuko kwa Projestus. Si ndiko wanakoshinda siku hizi?"

Ndugu zangu, mwanamume aliyefiwa na mke! Nilivuka barabara na viatu sijafunga kamba.

Nilikuta wanawake wanne barazani kwa Projestus wanasuka mikeka, mke wangu mmoja wao, na Ma Leokadia katikati yao anagawa kahawa ya kutafuna. Projestus mwenyewe alikuwa mbali shambani, anaonekana mgongo tu. Hapakuwa na baya lolote, macho yangu yaliona hivyo. Lakini pale barazani palikuwa na baridi. Baridi ya asubuhi, saa nane mchana! Na Adventina alikuwa anacheka kicheko ambacho kwangu sikuwa nimekisikia tangu nifunge geti. Angekuwa na mwanamume ningejua la kufanya. Mke wangu alikuwa ananiacha kwa ajili ya nyumba. Na nyumba yenyewe ya tofali za kuchoma, bati lina kutu!

Sikulala vizuri. Nikajiambia, Projestus ana kitu amekificha darini. Kesho yake nikabeba ngazi yangu, nikavuka.

"Nimekuja kukukagulia paa, ndugu yangu. Bure."

"Paa limefanya nini?" Projestus akauliza.

"Kabla halijafanya."

Akaniangalia, akaishika ngazi nisianguke. Nikaingia darini na tochi. Nilitafuta kila pembe. Niliona kenchi tulizofundishwa, matundu tuliyofundishwa, nyavu zake. Sawasawa na ya kwangu, na ya kwangu ni mazuri zaidi. Mbao za kawaida. Mavi ya panya. Hakuna kingine. Nilikaa huko nimeinama, jasho linanitoka, kwa sababu darini kwake kulikuwa na joto kama darini kwangu. Nikashangaa. Mimi.

Nilipotoa kichwa, wale wanawake wa barazani walikuwa wameacha kusuka mikeka.

"Umeona panya?" Ma Leokadia akauliza.

"Anatafuta baridi, Ma," Adventina akajibu kabla yangu.

"Huko juu?"

Wakacheka. Adventina hakucheka. Aliungoja mguu wangu uguse chini, akanyoosha mkono hadi kwenye jani la mgomba lililokuwa linafunika nusu ya dirisha, akalitikisa mbele ya uso wangu. "Baridi ya kwetu uliilipia vibarua waikate. Nilikuuliza mlangoni. Ulinijibuje?"

"Mimi fundi," nikasema, "nifundishwe baridi na mgomba?"

"Basi tutaona siku ya wageni."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa inanitisha. Binti yetu Joanitha alikuwa ameposwa na kijana wa Kanazi, na ukoo mzima wa kijana ulikuwa unakuja kwangu kutoa mahari, katikati ya kiangazi. Adventina alisema tuazime baraza la Projestus. Nikamwambia nikifa, wanizike kwanza ndipo waazime. Baba wa binti apokee wakwe kwa jirani? Na jirani yupi? Nilienda Bukoba mjini nikanunua kiyoyozi kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuwafungia matajiri, nikakifunga sebuleni kwa mikono yangu. Kina taa ya kijani.

Wageni walifika wamevaa makoti, kina mama na kanzu zao za sherehe, na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, umefungwa majani ya mgomba. Sebule ilikuwa baridi kabisa. Msemaji wa Wageni, mzee mnene mwenye fimbo, akakitazama kiyoyozi, akatazama dari yangu ya maua, akasema, "Hapa tumefika." Nilimtafuta Adventina kwa macho nimwonyeshe uso wangu.

Kahawa ya kutafuna ilikuwa bado inazunguka umeme ulipokatika.

Nikawasha jenereta. Liliwasha taa na redio, kiyoyozi likakikataa. Tukafungua madirisha, pevingi zikatupumulia. Mzee mmoja akavua koti. Halafu wa pili. Bibi mmoja akasema anatoka kidogo, hakurudi. Vijana wakatoka kumwangalia bibi, hawakurudi. Hotuba ikaanza watu wakiwa nusu. Msemaji alijifuta uso kwa leso, leso ikalowa, akajifuta kwa kofia. Mwisho akaegemea fimbo yake.

"Mwenyeji wetu," akasema, "kwako pazuri. Pazuri mno. Lakini wazee wanaomba tukazungumzie pale." Akanyoosha fimbo kupitia kioo changu cha rangi ya chai, ng'ambo ya barabara, kwenye migomba.

Nyumba isiyo na mgomba hata mmoja haina pa kumkimbizia mgeni. Ningewapeleka wapi, getini?

Tukabeba viti. Nilivuka barabara yangu nimebeba benchi kichwani, siku ya mahari ya binti yangu, madereva wanapunguza mwendo. Projestus alikuwa anapogoa majani, amevaa buti na shati lililochanika. Aliona msafara, akaweka mundu chini, akatandika majani mabichi chini ya migomba bila kuuliza. Ma Leokadia akatoa mikeka. Watu wakakaa, wakashusha pumzi, na mimi niliyekuwa nimewaka nikahisi shati linaachana na mgongo. Mwili ulifurahi. Moyo haukufurahi.

Mtungi ukafunguliwa. Mzee mmoja wa upande wa wageni, aliyepewa kazi ya kugawa rubisi, akajaza kibuyu cha kwanza, ambacho ni cha mwenyeji, akatazama huku na huku, akampelekea Projestus. Adventina alishika mkono wangu kwa nguvu. Projestus akakipokea kwa mikono miwili, akasimama, akakileta kwangu.

"Mwenye shughuli ni huyu," akasema. "Mimi nimewaazima kivuli tu."

Wote wakapiga makofi. Angekinywa ningemchukia vizuri, kwa raha zangu. Sasa nikalazimika kusema asante.

Mahari ilikubaliwa pale pale, Joanitha akasimama akatambulishwa chini ya migomba ya watu, mzuri mpaka nikasahau kidogo. Jioni tunarudi na viti, Projestus akanisaidia benchi. Katikati ya barabara akasema polepole, mimi tu nisikie, "Mgomba." Ndiyo mara yake ya kwanza kuniita hivyo tangu Rubya. Nikaangua kicheko bila kupenda, na yeye akacheka. Kumbe anajua kucheka.

Jumatatu nikaita vibarua wavunje pevingi. Sikumwambia Adventina, aliamshwa na nyundo. Mvua za kwanza zilipoanza, Projestus akaleta machipukizi ya migomba kutoka kibanja chake, akanikatalia malipo, tukapanda pamoja. Shikeni hili: panda upande jua la mchana linapotokea, acha wazi upande upepo unapoingilia, na usiusogeze mgomba ukutani hata majani yakaziba mfereji wa paa. Nilimweleza Projestus haya wakati tunachimba. Akasema anajua. Nilimweleza tena.

Leo sipandi ngazi, goti limekataa, nakagua kazi za wengine nikiwa chini. Nikifika kwenye nyumba sitazami bati kwanza. Naizunguka saa nane mchana, natazama jua linapiga wapi na nani amesimama hapo kulikinga. Ndipo naita ngazi. Fundi mwingine wa njia hii anayefanya hivyo ni mmoja tu, na mnamjua.

Nyumba yangu haionekani tena kutoka barabarani. Madereva wanapita kwa kasi. Adventina anashinda nyumbani, anasuka mkeka wake barazani kwetu, na wale wanawake sasa wanakuja kwangu. Wakija wanasema, "Migomba ya Projestus imestawi vizuri hapa." Ya Projestus! Kwenye ardhi yangu, kwa samadi yangu. Wivu wangu haujastaafu, ule una goti zima.

Mtu akiniuliza hasara, simfichi. Kiyoyozi nimeshakiuza, hicho sikihesabu. Kuvunja pevingi, kubeba kifusi, samadi, vibarua, pamoja na kifurushi cha kahawa ya kutafuna nilichompelekea Projestus kwa mkono wangu mwenyewe: kurudisha migomba ambayo baba yangu aliniachia bure kumenigharimu shilingi milioni moja, laki sita, arobaini na tatu elfu na mia tano.